Sifa za Daktari Kibria kwa Kiingereza

Mume wangu ana ugonjwa usiotibika hospitali wala kwa mganga: hawezi kutoa maana ya neno la Kiingereza isiyo ya kweli. Uongo mwingine wote anauweza kama binadamu yeyote. Nikimpa wali ulioungua atasema mtamu. Mama yake alipokuwa hai alikuwa akimpelekea salamu zangu kila wiki, salamu ambazo mimi sikuzituma hata siku moja. Lakini mshike kwenye maana ya neno, hapo hata umtolee panga habadiliki. Ugonjwa huo ndio uliotufukuza kwenye chumba cha kufundishia.

Anaitwa Moslehuddin. Mji mzima wa Kashiadanga unamwita Mwalimu, mimi namwita Baba Runu, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Jashore. Anafundisha tuisheni ya Kiingereza kwa watoto wanaosubiri mtihani wa kumaliza sekondari ya juu, na wakati huo alifundishia kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko. Mimi nilishinda mlangoni na sindano yangu, nikishona vifungo vya blauzi za watu, kwa sababu chumba kile kilikuwa na mwanga mzuri na umbea mzuri zaidi. Shule niliishia darasa la nane. Ila ukikaa mlangoni kwa Baba Runu miaka kumi na moja, Kiingereza kinakuingia kama moshi wa jikoni, utake usitake.

Jumamosi moja ya majira ya baridi, wakati sukari guru mpya ya mtende imeingia sokoni, aliandika ubaoni neno la siku: sham.

"Nani anajua?"

"Feki, Mwalimu!" akapaza Lablu, mtoto wa muuza guru.

"Kaa chini. Feki ni gunia, kila kitu kinaingia. Sikilizeni. Noti bandia, aliyeitengeneza anamwomba Mungu usigundue. Cheti cha kughushi, hivyo hivyo. Guru ya baba yako, Lablu, imechakachuliwa. Nusu ni sukari ya dukani, lakini utomvu wa mtende umo, hata kama ni kijiko kimoja."

"Viwili, Mwalimu!"

"Haya, viwili." Darasa likaangua kicheko. "Sasa hili ni jingine. Hiki ni kitu kilichovishwa nguo za kitu kingine. Ukizivua, ndani hamna kitu. Na mara nyingi kila mtu anajua hamna kitu, na bado anapiga makofi. Mfano: wifi anayegaragara msibani, jicho moja limefumba, la pili liko kwenye kabati la sari za marehemu. Mfano wa pili: mkutano wa kuchagua katibu, na jina la katibu lilishachapishwa kwenye kadi za mwaliko juzi."

Msichana wa benchi la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo wapiga makofi ni lazima wawepo?"

"Si lazima, Nazifa. Ila wakiwepo linanoga."

Nazifa huyo ndiye aliyekuwa kichwa cha darasa. Alitaka kwenda Dhaka kusoma Kiingereza chuo kikuu, na Baba Runu alimtaka aende kuliko alivyotaka yeye mwenyewe. Na alikuwa mtoto wa pekee wa Kibria Talukdar.

Huyo Kibria ni mwenye matanuri ya matofali. Nusu ya nyumba za Kashiadanga zimejengwa kwa tofali lake, na sijasikia iliyopasuka. Chumba cha tuisheni nacho kilikuwa chake. Angebaki na matofali yake angekufa mtu mwenye heshima. Lakini mwaka huo alitaka kugombea uenyekiti wa halmashauri, akaona jina lake lina baridi mbele, akaliagizia kofia. Kofia ikaja kwa posta kutoka chuo kikuu cha Amerika ambacho jengo lake lote, kwa tulivyofahamu, ni sanduku la barua. Udaktari wa Falsafa ya Amani. Kibria aliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe alilirudia. Mabango yakapanda mjini, Daktari Kibria Talukdar, na wiki ile ile bibi vizee wakaanza kupanga foleni tanurini na magoti yao na wajukuu wenye kikohozi. Inasemekana mmoja wao Kibria alimpa dawa ya mbu, bibi akapona.

Jumapili Kibria akaja nyumbani kwetu na boksi la rosogolla, zile tamutamu za maziwa zilizolowa shira.

"Shemeji, hujambo? Unazidi kunawiri."

"Sijambo, Daktari. Goti tu."

Alinitazama kidogo, akaamua kucheka. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mwalimu, Ijumaa wananifanyia sherehe ya heshima uwanja wa shule. Nataka hati ya sifa."

Kwetu hakuna sherehe ya heshima bila hati ya sifa. Mtu akistaafu, akihamishwa, akirudi kuhiji, ataandikiwa: ewe taa ya wilaya, ewe bahari isiyo na ufuko, leo unatuacha yatima. Husomwa kwa sauti ya kilio, hutiwa kwenye fremu ya kioo, hutundikwa sebuleni mpaka mchwa nao waisome. Baba Runu ndiye mwandishi wa mji. Aliwahi kumwandikia daktari wa mifugo aliyetuulia ng'ombe wetu, akamwita mama wa viumbe wasiosema. Wala hakuona haya.

"Kesho utaipata," akasema, akichukua rosogolla.

"Kwa Kiingereza."

Rosogolla ikarudi kwenye boksi. "Kwa Kiingereza nani ataelewa?"

"Ndiyo raha yake. Mtu kapata udaktari Amerika, umsifu kwa Kibangla kama karani anayestaafu? Weka maneno mazito. Binti yangu atasoma."

"Ndugu yangu Kibria, kwa Kibangla nitakuandikia hata kwamba umeushusha mwezi kwa ngazi. Kwa Kiingereza siwezi kuandika nisilolijua."

"Kwa nini usiweze?"

"Ndicho chombo changu cha kazi. Wewe unaweza kuuza tofali bichi?"

Kibria akafikiri, kwa sababu swali la matofali kwake si la mchezo. "Siwezi," akasema. Kisha akasimama, akajifuta mikono. "Mtihani wa watoto lini?"

"Aprili."

"Karibu sana. Si vizuri kuwahangaisha wakatafute chumba kingine sasa hivi." Akaniaga kwa adabu zote, shemeji hapa shemeji pale, akaenda zake.

Mwenye nguvu mpishe, nilimwambia Baba Runu. Andika sifa, tubaki na chumba. Hatuna shamba, hatuna duka, tuna benchi kumi na mbili na ubao. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Asubuhi akakaa chini, akaandika mpaka adhuhuri, kisha akanisomea. Naitoa hapa kama ilivyonifikia masikioni:

"Sisi wana wa Kashiadanga tumekusanyika kumheshimu Kibria Talukdar, mchoma matofali hodari kuliko wote tuliowahi kuwaona, kwa udaktari wake, ambao ni sham kuanzia utosini hadi unyayoni, alioupata bila kufungua kitabu, bila kukanyaga chuo, kwa juhudi za tarishi peke yake."

"Baba Runu, umekunywa nini?"

"Hakuna uongo hata mmoja humu."

"Ndicho ninacholilia! Hakuna hata mmoja!"

"Uwanjani nani anajua Kiingereza?"

"Watoto arobaini na tatu uliowafundisha neno hilo Jumamosi!"

"Hao watanyamaza. Na yeye kataka maneno mazito. Hili ni zito."

Nikaona amefurahi, mjinga yule. Amepata njia ya kumtii tajiri bila kuikosea kamusi, akajiona ana akili kumshinda shetani. Nikamwuliza: na msomaji? Hapo uso ukamshuka. Katika furaha yake alikuwa amemsahau Nazifa.

Darasani alimpa karatasi baada ya wenzake kutoka. Msichana akasoma mara mbili, kimya.

"Mwalimu, hapa hakuna kosa la kuandika?"

"Hakuna. Lakini unaweza kukataa. Nitasema unaumwa koo."

Alikaa akiutazama ubao. "Nikikataa atapewa Lablu," akasema mwishowe, "na Lablu atatamka vibaya." Akaikunja karatasi akaitia kwenye begi. Nilijua si sababu yenyewe. Msichana mwenye baba anayechekwa soko zima haachi kuona haya kwa sababu tu watu wanamcheka kimyakimya; heri aliseme yeye mwenyewe kwa sauti.

Ijumaa baada ya sala uwanja ulijaa. Wazee walivishwa shali, Kibria alivishwa mataji ya maua mpaka yakaonekana macho tu. Mkuu wa wilaya hakuja, alimtuma msaidizi wake, naye akakaa kiti cha mbele akichezea simu. Nazifa akapanda jukwaani na sari ya kijani, akasoma polepole, kila neno limekaa mahali pake. Mume wangu pembeni yangu alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika na matamshi, si kwa hofu. Mimi nilikuwa nimeshika viatu vyangu mkononi, tayari kukimbia.

Alipofika kwenye neno lenyewe, Lablu kule nyuma akashindwa. Akapiga yowe. Wenzake wakalipokea, miluzi, makofi, vigelegele vya wasichana. Wazee kuona vijana wameshangilia, nao wakapiga makofi. Msaidizi wa mkuu wa wilaya aliinua kichwa kutoka kwenye simu, akamtazama msomaji, akatazama kushoto na kulia, akaona kila mtu anapiga makofi, akapiga. Na Kibria ndani ya maua yake akainua mikono miwili kuwapungia watu. Nilicheka mpaka nikaumwa ubavu, kisha nikamwona Nazifa akishuka ngazi za jukwaa, kicheko kikanikauka.

Mambo yangeishia hapo. Fremu ingetundikwa sebuleni, mchwa wangesoma, basi. Lakini Kibria ni mfanyabiashara, alisikia ni neno gani lililoshangiliwa. Jumatatu asubuhi mabango mapya yalikuwa kila ukuta: Mchague Daktari Kibria Talukdar, na chini yake, kwa herufi nyekundu za Kiingereza, kubwa kuliko jina: SHAM. Yakabandikwa migongoni mwa riksho, kwenye kioo cha kinyozi, kwenye mlango wa choo cha soko. Wapambe wake wakatengeneza mwitikio. Mmoja anapaza, "Daktari wetu nani?" Wengine wanaitika, "Sham! Sham!" Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Siku ya kwanza darasa halikusomeka kwa kicheko. Siku ya pili Nazifa hakucheka tena, na wenzake walipomwona wakaacha. Siku ya tatu akaja mjini kijana mmoja kutoka Dhaka, mgeni wa harusi, akasimama mbele ya kibanda cha chai akaanza kulipiga picha lile bango huku akicheka mpaka chai ikammwagikia suruali. Kibria alikuwa ng'ambo ya barabara. Alirudi nyumbani kumuuliza binti yake maana ya neno. Nazifa akamjibu, "Muulize Mwalimu, Baba. Neno ni lake."

Kibria alikuja darasani saa tisa alasiri. Alivua viatu mlangoni, akanipita bila kuniita shemeji, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa ubavuni mwa Lablu. Benchi likalia.

"Endelea, Mwalimu," akasema. "Nimekuja kusoma. Kuna neno moja tu linanisumbua, lile lililoko ukutani kwangu. Nipe maana yake."

Hakuna aliyegeuka. Baba Runu alishika chaki, akaitazama kama hajawahi kuiona. Nilimwombea dua kwa moyo wangu wote. Sikumwombea ujasiri, namwambia Mungu ukweli. Nilimwombea uongo.

"Ni ukubwa," mume wangu akasema. "Fahari. Kitu chenye utukufu."

Nikashusha pumzi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Chumba kimepona, mtihani umepona, na Baba Runu kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita ya ndoa yetu amekuwa na akili za mtu mzima.

Halafu nikasikia kalamu. Darasa zima walikuwa wameinama wanaandika. Wanajua maana, waliipata Jumamosi kwa mifano miwili, walilipigia neno miluzi uwanjani. Lakini Mwalimu amesema, na Mwalimu akisema, wanaandika. Ndivyo tulivyowalea. Lablu, kijana aliyecheka kuliko wote, alikuwa amekwisha kuifuta maana ya zamani kwa mstari mzuri ulionyooka na anaandika mpya juu yake. Ni Nazifa peke yake aliyeweka kalamu chini. Alikaa mikono mapajani, na baba yake kule nyuma alikuwa akiutazama mgongo wake.

"Lablu," mume wangu akasema, "unaandika nini?"

"Maana, Mwalimu."

"Soma."

"Sham: ukubwa, fahari, kitu chenye utukufu."

Niliuona uso wa Baba Runu, nikajua tumekwisha. Nimewahi kuuona uso huo mara moja tu, siku Runu mdogo alipotumbukiza kidole kwenye maziwa yanayochemka.

"Futa," akasema. "Futeni wote! Futeni mpaka karatasi itoboke! Mtihani ni Aprili, mkiandika utumbo huo nani atawapa alama? Lablu, wewe huna kichwa? Nilikwambia nini Jumamosi?"

"Lakini Mwalimu, wewe ndiye—"

"Nimekosea! Nimeogopa nikasema upuuzi! Mwalimu akisema upuuzi unaandika?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Lablu, maskini, kwa ukweli kabisa.

Baba Runu akaweka chaki chini, akamgeukia Kibria. Hakumfokea. Alimweleza polepole, kwa Kibangla cha nyumbani, kama anavyomweleza mtoto mzito aliyebaki baada ya kengele. "Ni kitu kilichovishwa nguo za kitu kingine, ndugu yangu. Ukizivua, ndani hamna kitu."

"Mfano," Kibria akasema.

"Mwalimu aliyesimama hapa dakika mbili zilizopita."

"Binti yangu anasema huwa unatoa mifano miwili."

Nje muuza karanga alipita akinadi, hakuna aliyemsikia.

"Udaktari wako," mume wangu akasema. Alilisema kwa upole ambao mimi mkewe sijawahi kuupata hata usiku wa harusi.

Kibria hakukasirika kama nilivyotegemea. Alibaki ameinamisha kichwa, akikuna ubao wa benchi kwa ukucha. "Na ukampa mwanangu asome," akasema. "Mbele ya watu wote. Kwa mdomo wake."

"Hilo nilikosea," Baba Runu akasema. "Yale mengine sikukosea. Hilo nilikosea sana, na naona haya."

Nazifa akasimama, bado ametazama mbele. "Baba, mimi nilijua. Nilikubali mwenyewe."

Kibria alinyanyuka, akaja mlangoni. Alihangaika na viatu vyake muda mrefu, cha kushoto akivaa kulia. Nilitaka kumsaidia nikaogopa.

Wanaopenda hadithi ambazo tajiri anatubu hapo hapo waende sinema. Kesho yake asubuhi chumba kilikuwa na kufuli la ukubwa wa ngumi, na benchi zetu kumi na mbili zimepangwa barabarani vizuri, bila mkwaruzo. Mabango yenye neno yakabanduliwa, yakabandikwa mengine. Udaktari akabaki nao. Na uchaguzi alishinda, nisiwafiche. Hata sisi tulimpigia kura, kwa kuwa mpinzani wake aliwahi kuiba mabati ya msaada wa mafuriko.

Tukahamia barazani kwetu, kando ya cherehani yangu. Baraza lenyewe lina paa la bati na kuta mbili, upande wa kaskazini uko wazi, na ukungu wa baridi ile ulikuwa unaingia darasani kama mwanafunzi aliyelipa. Watoto walisoma wamejifunika mablanketi mpaka kichwani. Kuna wazazi waliowatoa watoto wao kwa kuogopa kikohozi, na wengine kwa kumwogopa Kibria, ila wote walisema kikohozi. Baba Runu alifundisha kwa kelele zaidi ili asionekane ana huzuni. Benchi la mbele aliiacha wazi nafasi ya Nazifa, ambaye hakuwa amekuja tena, na hakuna aliyethubutu kuikalia.

Siku ya tano Nazifa akaja na mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na mkasi na kipande cha kitambaa cha sketi ya ndani ya sari ambacho hakijakatwa.

"Mama mdogo, naomba unifundishe cherehani."

"Tangu lini umependa cherehani?"

"Tangu Baba aliponikataza kukanyaga kwa Mwalimu. Sijaja kwa Mwalimu. Nimekuja kwako."

Mimi nilicheka. Mume wangu hakucheka. Aliacha ubao, akaja na chaki yake mkononi. "Umemdanganya baba yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi rudi nyumbani. Nilishakutumia kwa ujanja wangu mara moja, sikutumii tena. Siwezi kumfundisha mtoto aliyeingia kwangu kwa uongo."

Hapo mimi nilipandwa. "Baba Runu, ukweli wako umeshatutoa kwenye chumba, sasa unataka utoe na mtihani wa mtoto? Hajaja kwako, hukusikia? Ni mwanafunzi wangu. Wewe fundisha wako, mimi nafundisha wangu. Akikusikia kwa bahati mbaya, masikio ni yake. Nazifa, kaa hapa!"

Akakaa kwenye kigoda changu, kitambaa mapajani, daftari chini ya kitambaa. Mume wangu alirudi ubaoni amenuna. Hakumtazama hata mara moja mchana ule. Ila maneno aliyarudia mara tatu tatu, na alisimama upande wa cherehani mpaka wale wa mwisho wakalalamika hawasikii.

Tukaenda hivyo wiki mbili. Wiki ya tatu, katikati ya somo, trekta likaja likasimama mbele ya baraza na tela limejaa matofali mekundu, yale mazuri ya katikati ya tanuri. Akashuka Motaleb, msimamizi wa matanuri ya Kibria, mtu mzima mwenye masharubu yaliyopakwa hina na adabu nyingi. Alitoa karatasi akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Matofali elfu mbili. Zawadi ya kuziba upande wa kaskazini. Kwa Shule ya Ushonaji ya Bibi Mahmuda." Mahmuda ndiyo mimi. "Mpokeaji aandike jina na cheo, atie sahihi."

Nazifa aliinamia kitambaa chake akaanza kushona kwa kasi, na sindano haikuwa na uzi.

Baba Runu aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, akairudisha. "Ndugu Motaleb, hapa hakuna shule ya ushonaji."

"Mzee kasema utasema hivyo," Motaleb akajibu. Akakohoa kidogo, kama mtu anayekumbuka alichokariri njiani. "Kasema ukisema hivyo nikuulize: basi binti yake anakuja hapa kila siku kufanya nini?"

Hapo nikaelewa Kibria anajua kila kitu, anatafuta tu karatasi ya kumruhusu asijue. Mume wangu akafungua mdomo. Nilimjua, jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno, limeshapangwa, na mifano yake miwili. Akamtazama Motaleb. Akalitazama lile tela. Kisha akamtazama Nazifa, ambaye alikuwa ameacha kushona na kuinua uso, na machozi yanamtoka bila kuyafuta. Mkono wa Baba Runu ulikwenda sikioni, mahali anapoweka kalamu, ukaitoa.

Akaichukua karatasi, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaandika jina lake lote. Mahali pa cheo aliandika herufi kwa herufi, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: fundi cherehani. Akatia sahihi.

Motaleb aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akauliza matofali ayapange upande gani, wa barabarani au wa upepo.

"Wa upepo," mume wangu akasema, akarudi ubaoni.